Ndege Iliyopita Zamu Yangu

Arobaini ya Sajenti Namkoko tuliisoma Masasi, nyumbani kwake, nyumba iliyoegemea mlima wa mawe kiasi kwamba ukitoka uani unagusa jabali. Nilitoka Nanganga na basi la asubuhi, miguu imevimba, kofia nimeipiga pasi mwenyewe kwa sababu mke wangu alisema mtu mzima haendi msibani na kofia ya jeshi. Nikaivaa. Wastaafu wa jeshi la anga tulikuwa sita siku ile, tumekaa kwenye majamvi upande wa kivuli, na wa sita alikuwa mwanamke, Koplo Asumta, ambaye siku hizi kwao Makote anaitwa Mama Tumaini. Wanawake wenzake walikuwa jikoni na sufuria za pilau, yeye akaja moja kwa moja akakaa kati yetu, akanyoosha miguu, akasema, "Sogeeni huko, mnakaa kama mmekodi." Hakuna aliyeshangaa. Hata zamani alikaa hivyo.

Tukasimuliana. Wazee wa jeshi wakikutana, kila mmoja alikuwa shujaa na kila kambi ilikuwa na simba. Hamisi, aliyekuwa dereva wetu, alipomaliza ya simba wake akanipiga begani mbele ya mtoto mkubwa wa marehemu. "Huyu hapa, kijana wangu, huyu Bakari, ndiye aliyeisikia ile ndege ya Newala. Ukungu umefunga, huoni mkono wako, yeye kaisikia! Baba yako alikuwa anajivunia masikio haya." Nikacheka, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Ndivyo nilivyofanya kila mara miaka yote, kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye paredi. Nimekuwa hodari sana wa kuinamisha kichwa. Asumta alikuwa anatafuna korosho, haraka hana.

Ya kwetu na ya shule nayaacha, hayana utamu. Nianze na siku nilipofika Newala nikitoka mafunzoni, na begi la turubai na buti zinazobana. Ilikuwa miaka ile ruksa ya biashara imeanza kushika. Maduka ya Masasi, ambayo nilikuwa nayajua yana viberiti na vumbi tu, yamejaa sabuni za rangi na mafuta ya nywele. Sokoni nguo za kafa ulaya, mitumba, zimemwagwa chini, watu wazima wanagombania koti. Mimi niliyekuwa na ndoto ya kukaa karibu na ndege, kuzigusa, nimepelekwa mahali ambapo hakuna ndege hata moja. Kituo chetu kilikuwa nyumba ya matofali ya vyumba viwili kwenye ukingo wa uwanda, pale ardhi inapokatika ghafla na chini yake bonde lote la Ruvuma limelala. Kazi yetu ilikuwa kukaa ukingoni tukisikiliza. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita vya wenzetu, na wakubwa walitaka kujua kila kitu kinachoruka huku kwetu. Mitambo mikubwa ilikuwa mbali, na milima na ukungu viliizuia. Kwa hiyo serikali ikaweka masikio ya watu.

Chumba cha redio nakiona hadi leo. Kilikuwa na harufu ya mafuta ya taa na soksi. Ukutani Sajenti Namkoko alikuwa amechora kwa mkaa maumbo ya ndege, jeti, za panga puani, helikopta, na chini ya kila moja ameandika sauti yake kwa maneno yake mwenyewe: hii inapasua, hii inakoroma, hii inapiga makofi. Mezani redio ya upepo ya kupigia taarifa, betri mbili, na daftari la zamu. Chumba cha pili tulilala sisi wanaume, na Asumta alikuwa na kibanda chake cha miti na bati alichojikandikia mwenyewe, na kilikuwa safi kuliko chetu mara kumi. Maji, Newala ya siku zile, jamani! Nusu ndoo kwa mtu kwa siku, unywe, uoge, ufue. Nilijifunza kuoga kwa kikombe.

Sajenti alikuwa mfupi, mweusi tii, na hasira hana kabisa, jambo lililonitisha zaidi. Wakufunzi wangu wote kabla yake walipiga kelele. Yeye alininong'oneza. Asubuhi ya kwanza alinifunga macho kwa kitambaa, akanikalisha kwenye kigoda ukingoni, akasema, "Fungua mdomo." Nikadhani ananipa dawa. "Fungua kidogo, kama mtu aliyesahau anachotaka kusema. Ukiuma meno unasikia kichwa chako mwenyewe. Sasa weka viganja nyuma ya masikio. Geuza uso polepole. Unaelekea Ruvuma: mbele yako ni saa sita. Kushoto, pwani, ni saa tatu. Kulia, Masasi, ni saa tisa. Niambie unasikia nini." Nikamwambia sisikii kitu. Akaniacha pale mpaka jua likanichoma shingo. Ndipo nikaanza kusikia: mchi unatwanga kwa mtu, mbuzi, mwanamke anacheka, kitu cha bati kinagongwa. "Vingapi?" akauliza. Vinne. Akamwita Asumta, aliyekuwa anachambua mbaazi mlangoni, bila kumfunga macho wala nini. "Koplo, vingapi?" Akasema, "Tisa, Afande. Na lori la yule muuza nguo linapanda kutoka Masasi, gia ya pili bado mbovu." Nikacheka kwa dharau. Tulikuwa tumeshakunywa chai na kuosha vikombe lori lilipotokea, likakwama kilimani, gia ya pili ikalia kama ng'ombe.

Nimekaa jeshini miaka mingi baada ya hapo, nimeona marubani na mainjinia, sijakutana tena na mtu kama Asumta. Alikuwa amenizidi miaka miwili tu. Alitujua kwa nyayo kabla hatujapiga kona. Alimjua Sajenti kwa jinsi anavyokohoa kama amekula au hajala. Nilimwuliza siri ni nini. Akasema, "Siri gani? Mimi nanyamaza, wewe unaongea." Halafu akanipakulia ming'oko ya kuchemsha. Hicho ndicho chakula ninachokikumbuka zaidi mwaka ule, vile viazi vya porini vyembamba, vina ladha ya udongo mzuri, unakula na chumvi na kusogoa. Alinitania kwamba sisi wa Nanganga, wakaa kando ya barabara, tumezibwa masikio na honi tangu tumboni.

Sajenti alikuwa na malalamiko yake juu ya zama mpya. Si ya siasa, ya kazi. "Zamani," alisema, "hapa ukisikia injini, ni gari la serikali au ni ndege. Sasa ruksa imeleta mashine. Mashine ya kusaga pale, jenereta kule, pikipiki, malori ya korosho. Masikio yatafanya kazi maradufu." Na mwaka ule, baada ya msimu wa mvua, zikaja mashine za kupulizia salfa. Mikorosho ilikuwa inakufa na ukungu mweupe unaoshika maua, na wafanyabiashara wakaleta unga wa njano na mashine za kubeba mgongoni za kuurusha juu ya miti. Kazi ile hufanywa alfajiri, upepo haujaamka na umande bado uko kwenye majani, unga unate. Watu wanne watano wanawasha kwa pamoja mteremkoni, chini yetu kabisa, na bonde linazichanganya sauti zile na kuzipandisha juu zikiwa moja.

Mnajua kilichotokea. Asubuhi ya kwanza ya salfa zamu ilikuwa yangu, na nikasikia injini ya panga, nzito, inakuja kutoka saa sita. Damu ikanichemka. Hatimaye ndege yangu! Sikumwamsha mtu. Nikaingia kwenye redio nikapiga taarifa kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Kule Masasi, tulikokuwa tukipeleka taarifa, kikosi kizima kikakimbilia mahandaki, wengine wamevaa buti moja, ofisa mmoja na povu la sabuni shavuni. Sajenti akashuka mteremko kwa miguu, akarudi baadaye amepakwa njano kichwa mpaka kiatu, nyusi za njano, amewaona marubani wangu wote wanne, na mmoja wao ni babu wa miaka sabini. Hakunigombeza. Alikaa chini akacheka mpaka akashika ubavu. Lakini jibu la wakubwa halikuwa na kicheko. Alinisomea mwenyewe: askari huyu akileta tena taarifa ya uongo, arudishwe, avue magwanda. Tangu siku hiyo hata watoto wa Newala waliniita Afande Salfa. Nikienda dukani, mwenye duka ananguruma kwa mdomo. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na sikuwa na kazi nyingine duniani. Niliogopa. Ukweli ni huo, niliogopa usiku na mchana.

Wiki kadhaa zikapita. Ikaja asubuhi ya ukungu, ule ukungu wa Newala wa miezi ya baridi unaoingia ndani ya nyumba kama mgeni asiyebisha hodi. Sajenti alikuwa ameondoka na Hamisi kufuata posho. Mimi niko kwenye kigoda, zamu yangu, koti hadi masikioni, na Asumta nyuma yangu anakoroga uji. Nikaisikia. Nataka mwelewe vizuri hapa, kwa sababu watu huniuliza kama pengine sikuwa na uhakika. Niliisikia. Ilitoka kushoto, ikapotea, ikarudi, injini moja, inakohoa kidogo. Moyo ukasema ndege. Nikaona nyusi za njano, nikasikia mwenye duka ananguruma, nikajiona nashuka basi Nanganga na begi la turubai. Nikakaa kimya. Nikauma meno, kweli kabisa, nikauma meno ili nisikie kichwa changu tu.

Mwiko ukaacha kugonga sufuria. Asumta akaja akasimama kando yangu, mdomo wazi kidogo, viganja nyuma ya masikio.

"Bakari, unaisikia hiyo?"

"Salfa, Afande."

"Salfa haitembei. Mtu na mashine mgongoni anakwenda mti kwa mti. Hii imetoka saa tatu, sasa iko saa sita, na iko chini mno. Huyu amepotea. Anatafuta ardhi. Piga redio."

"Ni salfa."

"Piga redio, Bakari."

"Sipigi," nikasema. Na sauti ikanikatika, nikaanza kulia kama mtoto. "Wewe piga. Mimi watanifukuza."

Hakunitukana. Alinitazama tu, na nilijua ananitazama ingawa sikuinua uso. Kisha nikasikia mlango wa chumba cha redio, na sauti yake, ile sauti iliyonyooka ambayo sote tuliitegemea kusoma taarifa zetu kwa sababu wakubwa waliielewa kuliko za kwetu. "Koplo Asumta anasoma taarifa ya mwenye zamu. Mwenye zamu, Bakari, anasikia ndege moja, injini moja, panga, iko chini, inatoka saa tatu inakwenda saa tisa. Inaonekana imepotea." Jina langu lilitajwa mara moja tu. Upande wa pili wakamwambia asubiri, halafu mtu akaja mbio kwenye redio: ndege yetu ndogo ilikuwa njiani kutoka pwani na dawa, redio yake imekatika, hawajui iko wapi. Masasi wakamwaga petroli kwenye matairi chakavu kando ya uwanja wa ndege wakawasha. Moshi ule mweusi ukatoboa ukungu. Rubani akauona kwa mbali, akauzunguka, akatua, na baadaye tuliambiwa mafuta aliyobakiwa nayo yasingemfikisha popote.

Jioni nilimwuliza Asumta kwa nini ameandika jina langu kwenye daftari. Tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na kisamvu, sisi wawili. Akasema, "Zamu ilikuwa ya nani?" Yangu. "Basi. Ningeandika langu, wangeuliza mwenye zamu alikuwa wapi. Kula, ugali unapoa." Nikala. Niseme nini zaidi? Nikala mpaka nikashiba.

Rubani alikuja kwa gari juma lililofuata, luteni kijana, mrefu, na paja la ng'ombe limefungwa kwenye gunia. Sajenti akanipanga mstari wa mtu mmoja. Luteni akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamlenga, akasema mke wake ana mimba. Asumta alikuwa anamimina chai. Aliweka kikombe changu mbele yangu, akasema, "Karibu, Bakari," kama kawaida, na mimi nikasubiri aseme, nikiomba aseme na nikiomba asiseme. Hakusema. Nyama ile ilikuwa tamu. Nilipandishwa nikawa koplo usu, na watoto wa Newala wakaacha kuningurumia.

Halafu ikaja barua ya kozi. Nafasi moja kwa kituo chetu, kozi ya mawasiliano, mjini, na ukitoka huko maisha yako yamenyooka. Nilikuwa naegesha baiskeli nyuma ya chumba cha redio nikasikia Sajenti anaongea na ofisa kutoka Masasi. "Nilikuwa nimeshamwandika Asumta," akasema. "Tangu mwaka jana nilimwahidi. Hakuna sikio kama lile." Ofisa akasema, "Sawa, lakini wakubwa wanataka yule wa ndege. Jina lake linajulikana sasa." "Kama daftari linasema hivyo," Sajenti akasema. Nilikuwa na hatua sita kufika mlangoni. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile. Nikaegesha baiskeli, nikaenda zangu kuteka maji.

Nilisoma kozi ile. Nikasoma nyingine juu yake. Nikawa mkufunzi, nikafundisha vijana kufungua midomo na kuweka viganja nyuma ya masikio, nikajenga nyumba, nikasomesha. Mkataba wa Asumta ulipoisha haukuongezwa; akarudi Makote kwenye mikorosho, na siku hizi anapulizia salfa mwenyewe, mashine mgongoni. Nilijiambia hakujali. Nilijiambia mtu mwenye utulivu ule hana uchungu. Uongo wa namna hiyo ukiurudia vya kutosha unakuwa kama samani ya nyumba, unaupita tu.

Sasa rudini nami Masasi, kwenye majamvi. Dua imekwisha, pilau limeliwa, na mtoto wa marehemu, kijana mwenye adabu, akasimama akasema, "Mzee Bakari, shikamoo tena. Baba alipenda sana hadithi ya ile ndege. Tunaomba utusimulie, tumkumbuke." Wote wakanigeukia. Hamisi akasema, "Mwachieni nafasi!" Nikasimama. Nikafungua mdomo kusema yale ya siku zote, na mbele yangu akawa Asumta, mvi zimemjaa, ananisikiliza. Ananisikiliza kama anavyosikiliza, mdomo wazi kidogo.

Nikasema. Nikasema siyo mimi, ni huyu. Kwamba mimi nililia na yeye akapiga redio, na kozi ilikuwa yake. Nilisema vibaya, kwa kurukaruka, na sauti ikanikatika tena kama siku ile. Hamisi akasema, "Unasema nini wewe? Umepatwa na jua?" Nikamgeukia Asumta. "Mama Tumaini," nikasema, "nilidhani hukujali."

"Nani kakwambia sikujali?" Hakupandisha sauti. "Kozi ile niliitaka, Bakari. Niliitaka sana. Nilikwishanunua sanduku pale sokoni, nguo nimezifua zote, na kwa maji yale ya Newala. Siku uliyoondoka nilikuwa nimekaa kibandani, nimelishika, nasikia gari lako linashuka mpaka Masasi."

Nikamwuliza nifanye nini, mzee mzima nimesimama mbele za watu na kofia yangu ya pasi. Akajifuta mikono kwenye khanga, akageukia jikoni.

"Tumaini! Tumaini we! Acha vyombo hivyo. Njoo na wanao, wote, na yule mdogo mbebe."

Wakaja, binti mkubwa na mikono yake ya povu na watoto watatu, wakaniamkia, wakakaa miguuni pa bibi yao. Asumta akawasogeza kando wasimzuie kuniona.

"Haya," akaniambia. "Anza tena tangu mwanzo. Polepole, na usiruke kitu. Hawa walikuwa hawajui."

Nikavua kofia. "Marahaba, wanangu," nikasema. "Mimi niliisikia ndege, nikanyamaza."